Mgomba Uliovishwa Jezi

Nimechoka na mechi za ugenini. Sisemi nimechoka na mpira. Mpira wenyewe haujanikosea. Nimechoka na sisi mashabiki. Nimechoka na lile basi la kukodi linaloondoka Kakamega asubuhi limejaa watu wazima, wenye familia na mashamba, likafika mji wa watu limejaa wahuni. Watu ni wale wale. Miaka kumi na mmoja nimekaa kiti cha mbele nikijaribu kuona ni wapi njiani wanapobadilika, na bado sijapaona.

Labda ni kwa sababu ugenini hakuna anayekujua. Nyumbani, kijana akimtukana refa, kuna shangazi yake anauza karanga pale chini ya jukwaa, na habari itafika kwa mama yake kabla yeye hajafika. Ugenini hakuna shangazi. Kuna mzee wa kanisa ninayemjua, mtu wa kupitisha kapu la sadaka kila Jumapili, nilimwona akikojolea ukuta wa zahanati mchana kweupe. Alipoona nimemwona, akacheka. "Mama, hapa si kwetu," akasema. Nikamwambia ukuta huo una wenyewe. Akasema basi wenyewe waje.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakutuona sisi tukishuka kwenye basi. Nimeona geti la uwanja likibebwa kama machela. Nimeona mabenchi ya shule jirani yakiwashwa moto eti kwa sababu mvua imenyesha na watu wanasikia baridi. Mshika kibendera ametukanwa mama yake na watu ambao mama zao wako kwaya moja na mimi. Na tukirudi nyumbani tunaambiana kwamba walituanza wao. Kila msimu wao ndio wanatuanza. Sijawahi kusikia hata siku moja mtu akisema, leo tulianza sisi.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mbele, nikiimba.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule katika kibanda kilicho nyuma ya soko, na msimu wa sare ukipita nashona chochote kinacholetwa: magauni ya arusi, mapazia, nguo za maiti. Juu ya hiyo kazi, Mungu alinipa sauti. Si sauti tamu, ni sauti kali ya kupasua, ile ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kanisani naanzisha nyimbo, matangani naanzisha kilio. Na timu yetu ikicheza, mimi ndiye mwimbishaji: ngoma za isikuti zikikolea, mimi natangulia, mashabiki wanaitikia. Vijana wananiita mathe. Mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki, muuza vipuri vya pikipiki, ananiita mama ingawa amenizidi umri, na sijawahi kumsahihisha kwa sababu cheo ni kitamu.

Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu, ameolewa katika mji mmoja ulio upande wa chini wa mto Nzoia, kule maji yanakotanuka na kwenda polepole. Kifungua mimba wake alikuwa kijana mrefu, mcheshi, asiyeweza kupita jikoni bila kufunua sufuria. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna hesabu nyingine. Aliniita mama mkubwa, na kwa kunifurahisha akashabikia timu yetu ya Kakamega, yeye aliyezaliwa kule kwao na kuzungukwa na mashabiki wa timu yao ya bluu. Walimchokoza shule nzima. Nilimshonea jezi kwa mkono wangu, ya rangi ya damu ya mzee, namba tisa mgongoni, akaivaa mpaka namba ikaanza kubanduka.

Mvua za mwaka jana mto ulipofurika, alishuka bondeni kutoa ng'ombe wa baba yake. Ng'ombe walitoka. Yeye hakutoka.

Walimtafuta kwa mitumbwi, kwa nyavu, kwa vijana wa kupiga mbizi. Wiki ya tatu wazee wa kwa mume wake wakasema inatosha. Kwetu mtu aliyepotelea majini hanyimwi kaburi. Hukatwa mgomba, ukavishwa nguo zake, ukaliliwa kama yeye, ukazikwa mahali ambapo yeye angelala. Baada ya hapo watu wananyolewa, na maisha yanasukumwa mbele. Dada yangu akakataa. Alijifungia chumbani, akasema kupitia mlangoni, "Mtoto wangu si ndizi. Mimi namngoja."

Wazee wakaniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Wakaniambia niongee naye. Niliongea mpaka nikaishiwa, hakufungua. Basi nikaenda nje kufanya kazi yangu. Nilichukua ile jezi ya namba tisa nikaipasua mgongo. Nguo ya maiti lazima ifunguliwe nyuma, maana maiti hakunji mkono kukusaidia. Unamvika kwa mbele, kisha unafunga kamba mgongoni. Nikashona kamba, jozi nne. Tukauvisha ule mgomba, tukaulaza kwenye mkeka, nikaanza kulia.

Kuna wimbo mama yetu alikuwa akiwalilia nao watu waliokufa mbali. Unamuuliza aliyekufa: njia ya nyumbani uliijua, nani amekuzuia? Niliuimba huo. Siku ile sauti ilitoka mahali ambapo hata mimi sipajui. Wanawake walioketi walianguka chini. Na katikati ya kile kilio nikasikia komeo la mlango. Dada yangu akatoka, kichwa wazi, akatembea mpaka kwenye mkeka, akaweka mkono juu ya mgomba, akalia. Alikuwa amekubali. Tulizika saa nane.

Kuanzia siku ile hakushika simu yangu tena. Miezi tisa. Nilituma ujumbe, nilituma salamu na watu, nilituma vitenge viwili kwa mkwe wake. Hakuna. Mtu mmoja mpenda maneno ndiye aliyeniletea sababu: dada yangu anasema isingekuwa mimi na kilio changu, angekuwa bado anamtafuta mtoto wake. Nililimeza hilo neno. Nikasema atapoa.

Kisha jioni moja simu ikalia, na ilikuwa yeye. Hakuuliza hali.

"Nasikia timu yenu inakuja huku Jumapili."

"Inakuja," nikasema.

"Unakujanga nao bado?"

"Nakujanga."

"Mechi ikiisha, pitia nyumbani. Nitakuchinjia ingokho." Akakata.

Ingokho ni kuku wa kienyeji, na kwetu kuku hachinjiwi mtu usiyemtaka. Nilikaa kwenye cherehani nikalia mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi ya mtoto akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, leo ni kinyume chake. Nilihesabu siku zilizobaki kama mtoto anayengojea Krismasi. Nilinunua kilo mbili za sukari, majani ya chai, na leso ya dada yangu kujifunga. Nilikuwa nimepanga hata nitakachosema: sitasema kitu. Nitakula tu, na nitaosha vyombo.

Alhamisi mwenyekiti akaja kibandani na kitambaa cha bluu chini ya kwapa.

"Mama, nishonee shati. Pana hivi, refu hivi." Akapima hewani kwa mikono.

"Mikono iwe mirefu au mifupi?"

"Haina mikono. Na ufungue mgongo, uweke kamba za kufungia."

Mguu wangu ukasimama kwenye pedali. "Ni ya nani?"

"Ya hao wa Jumapili." Alicheka mpaka akakohoa. "Tunawazika kwao wenyewe, mama. Nimeshachagua mgomba pale nyumbani, mnene, umenyooka. Watatukoma."

Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Ningesema tu: mwenyekiti, mji ule nina mtoto aliyezikwa hivyo. Yeye si mtu mbaya. Alijua nilifiwa, alichanga, lakini hakufika kule na hakujua tulizika nini. Angekuna kichwa, angesema pole mama, tutabeba hata kuku wa bluu badala yake. Lakini kumweleza kulitaka nilie mbele yake, na nilikuwa nimechoka kulia. Kisha nilijua vijana wangesema mathe sasa ameokoka, amekuwa wa kutukataza. Na kusema kweli, niliogopa safari ikiingia maneno, kiti changu cha mbele kitapewa mwingine na sitafika kwa dada yangu. Sababu zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa ndogo.

"Kuja Jumamosi," nikamwambia.

Nikaishona. Hapo ndipo ninapojichukia hasa, kwa sababu niliishona vizuri. Mkono uliozoea kazi haujui kushona vibaya. Nilikata kamba kwa mshazari kama mama alivyotufundisha sisi wawili, ili zisifumuke, nikamalizia kila moja kwa mishono mitatu ya kupishana. Nikajiambia nyumba ya dada yangu iko mbali na uwanja. Nikajiambia yeye hafuatilii mpira. Nikajiambia mgomba utabaki huko huko uwanjani na mimi nitanawa uso, nitaenda kula kuku. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nachelea watu wazima wenye ndevu.

Jumapili tuliondoka mapema. Mgomba ulikuwa umesimamishwa kiti cha nyuma kabisa, katikati ya vijana wawili, umevaa bluu. Mtu aliuvalisha miwani ya jua. Mwingine akawa anauuliza kwa nini haukuaga mke. Tulipofika pale barabara inapopanda, trekta la miwa lililokuwa mbele yetu likapunguza mwendo, na kabla dereva wetu hajalipita vijana sita walikuwa wameshuka wanachomoa miwa kwenye tela. Dereva wa trekta akachungulia, akaona jezi, akatazama mbele tena. Naye alikuwa amechoka, nadhani. Basi likajaa harufu ya miwa na kelele ya kutafuna. Mwenyekiti akasimama akasema makapi yasitupwe, yawekwe kwenye mifuko, kuna kazi yatafanya uwanjani. Watu wakashangilia. Aliyekaa kando ya mgomba akapaza sauti, "Marehemu anaomba kipande." Nilicheka. Niseme ukweli, nilicheka pamoja nao.

Tulishuka kwenye stendi, tukapanga msafara. Ngoma tatu mbele, mgomba mabegani mwa vijana wanne, wengine nyuma na matawi mikononi. Nilianza ule wimbo wetu wa kawaida wa kuingilia uwanja. Ngoma zikanikatalia. Zilikuwa zimeshashika mwendo wa matanga.

"Mama, ile ya kilio," mwenyekiti akaniambia sikioni.

"Tuimbe hii tu. Hii inatosha."

"Sasa huyu maiti tutamzika na wimbo wa kushangilia?"

Waliomsikia wakacheka. Wanne waliobeba mgomba walikuwa wamesimama wananitazama, jasho linawatoka, wananingoja mimi. Watu wa mji walikuwa wameanza kujipanga kando ya barabara. Nikafungua mdomo, na wimbo uliotoka ulikuwa wa mama. Njia ya nyumbani uliijua, nani amekuzuia? Mahali pa jina la marehemu, wao wakatia jina la timu ya bluu, kisha wakatia matusi. Lakini sauti ya mbele ilikuwa yangu, na sauti yangu haijui mzaha. Imelia matanga mengi mno. Ikishika njia ile inaenda yenyewe, na machozi yanatoka hata kama moyo uko jikoni.

Tulipita kando ya soko. Mama mmoja muuza omena alivuta beseni lake la dagaa ndani na kulifunika kwa kanga. Mzee aliyekuwa ameketi nje ya duka akasimama akavua kofia, akidhani ni msiba wa kweli. Msafara ulipomfikia akaona miwani ya jua, akaona jezi. Akavaa kofia yake, akaketi. Ningependa angetutukana.

Sitaeleza mechi, sikuiona. Mwimbishaji haangalii mpira, anaangalia watu wake. Nilichoona ni makapi ya miwa yakimwangukia mshika kibendera kichwani na mabegani, naye akiyapangusa kila mara kwa mkono ule ule, bila kugeuka. Nilimwona askari wa kike, mdogo kuliko binti yangu, akiambiwa mambo ambayo nilijifanya sikuyasikia. Niliona chupa zikiruka, na sikuuliza zina nini. Kila mara nikitaka kunyamaza, mtu ananipiga begani: "Mathe, usituachie, wanaanza kusikika wao." Kufika nusu ya pili koo lilikuwa limeanza kukwaruza, nikawa natafuna tangawizi. Dakika za mwisho tukafunga bao. Wakaruka uzio wote kama mbuzi waliosikia chumvi, wakauzungusha mgomba uwanja mzima, mbele ya watu waliokuwa wameshindwa kwao. Mimi nikawa nalia kwa nguvu zangu za mwisho, maana ndiyo ilikuwa kazi.

Mawe yakaanza. Ugenini mawe yanajulikana yatakuja. Swali huwa ni saa ngapi. Watu wetu wakakimbilia geti, ngoma zikigongana, na walipofika barabarani wakautupa mgomba kwenye mtaro ili wapate kukimbia. Basi lilikuwa hatua chache mbele, injini inanguruma, mlango wazi. Mimi sikukimbia. Nilikuwa na mfuko wangu wa sukari na leso, na nilikuwa na mahali pa kwenda.

Dada yangu alikuwa amesimama kando ya ule mtaro.

Miezi tisa ilikuwa imemkondesha. Kwenye mkono mmoja alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vitunguu. Kwenye mkono mwingine alikuwa na jembe, na akili yangu, sijui kwa nini, ikafikiria kwanza kwamba anatoka shambani. Jumapili, saa kumi na moja, anatoka shambani. Nikamwita jina la utotoni, lile ambalo mimi peke yangu namwitia. Aliweka vitunguu chini, akainama, akaushika ule mgomba kwa mikono miwili kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani, akaugeuza. Akatazama mgongo. Akashika kamba moja, akapitisha kidole pale mishono mitatu inapopishana.

"Huu ni mkono wako," akasema.

"Ni wangu."

Akaninyooshea jembe. "Kitu kilicholiliwa hakiachwi nje. Zika."

Nikalipokea. Kando ya uzio palikuwa na udongo laini wa mvua ya jana, nikaanza kuchimba, nikiwa nimevaa jezi yangu mwenyewe ya damu ya mzee na matope mpaka magotini. Kwenye basi watu walianza kuchungulia. Mmoja akatoa simu anipige picha, akapaza sauti, "Mathe, kazi imeisha, panda twende." Wengine walikuwa wanacheka, walidhani naendeleza mchezo. Mwenyekiti akashuka akaja mbio, mkono juu ya kichwa kwa kuogopa mawe.

"Mama, acha hiyo. Ni mgomba tu."

Dada yangu akamtazama. "Ni mgomba tu," akarudia, polepole, kama mtu anayejifunza neno la lugha ya watu.

Mwenyekiti hakuelewa, lakini aliona uso wangu. Nikamwambia aende. Akaenda, na baada ya hapo kwenye basi hakucheka mtu.

Dada yangu alisimama juu ya lile shimo, mikono imekunjwa. Akaanza kuongea bila kupandisha sauti, na mimi nikaendelea kuchimba kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Siku ile nilikuwa nimefunga mlango," alisema. "Nilikuwa nimeapa sitoki. Wazee waliongea, sikutoka. Mume wangu aliongea, sikutoka. Wewe uliongea, sikutoka. Halafu nikasikia unalia. Nikasema, huyu alimpenda mtoto wangu kama mimi. Kama yeye analia hivi, basi mtoto amekufa kweli. Nikafungua."

Nikaulaza mgomba shimoni. Bluu yake ilikuwa imejaa tope.

"Mwaka huu nikafikiria nikasema, dada yangu hana makosa. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli. Nikakupigia simu. Leo nimemweka kuku jikoni, nikaona sina vitunguu, nikaenda sokoni. Nikasikia kilio. Nikajua ni wewe kabla sijaona mtu. Nikauona mgomba, nikaazima jembe, nikangoja hapa nje. Wimbo ni ule ule. Machozi ni yale yale, nimeyaona. Hata pale unapokatia pumzi ni pale pale. Sasa niambie. Siku ile ulikuwa unamlilia mtoto wangu, au ulikuwa unaimba?"

"Nilikuwa namlilia," nikasema. Yalitoka kwa mkwaruzo, nusu yake hewa.

"Basi mlilie sasa. Kidogo tu, nisikie tofauti."

Nikaegemea jembe. Nikamfikiria mtoto akifunua sufuria, nikamfikiria akishuka bondeni, na kifua kikajaa mpaka kikauma. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikameza mate, nikajaribu tena kutoka chini, pale sauti inapokaa, na kilichotoka kilikuwa upepo tu. Dakika tisini zilikuwa zimeimaliza yote. Machozi yalikuwa yananitiririka, lakini machozi alikuwa ameshayaona mchana ule yakitiririkia timu ya bluu.

Dada yangu alingoja. Alingoja muda mrefu, kwa subira, kichwa amekiinamisha kidogo upande wangu kama mtu anayesikiliza ukutani. Kisha akachukua jembe mkononi mwangu, akafukia mwenyewe, akashindilia kwa mguu. Akaokota vitunguu vyake. Hakuniambia nimfuate, na hakuniambia nisimfuate. Alienda. Nilisimama pale na ule mfuko wa sukari na leso mpaka basi likapiga honi mara ya tatu, nikapanda.

Sauti ilirudi Jumatano asubuhi. Nilifunga mlango wa kibanda, nikampigia dada yangu, na simu ikawa inalia tu bila kushikwa. Nikamlilia mtoto hivyo hivyo, simu ikiwa sikioni, mpaka ikakata.